Daftari la Shifti ya Usiku: Tuliyojifunza Katika Uanagenzi wa Uhandisi





Walimu wetu walituomba tuwaandikie wadogo zetu wa madrasa habari za kazi tunayojifunza mjini. Sisi ni wawili, wote wazaliwa wa Usangi, na wote tulikaa juu ya mikeka ile ile ambayo ninyi mnaikalia leo. Tulianza na alifu na bee, tukapanda mpaka Juzuu Amma, na baadaye tukaendelea na masomo ya shule hadi chuo, tukasomea uhandisi wa mitambo. Tulipoombwa kuandika, tulifikiri kwanza tuandike mambo ya kupendeza tu. Lakini tulipokaa na kushauriana tuliona kwamba jambo lenye faida zaidi kwenu ni lile ambalo sisi wenyewe tunaliona aibu. Kwa hiyo tutaeleza yote mawili, insha Allah.

UHANDISI TULIOUONA NYUMBANI

Watu wengi hudhani uhandisi ni kitu cha mjini. Sisi tuliuona kwanza hapa hapa milimani. Wazee wetu wa Upare walichimba ndiva, yale mabwawa madogo ya udongo na mawe ambayo maji ya kijito hujaa usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mfereji hadi mashambani kwa zamu. Ndiva ilipoharibika watu waliitwa kwenye msaragambo, kila kaya ikatoa mtu na jembe lake. Hapakuwa na mchoro wala kompyuta, lakini mteremko wa mfereji ulikuwa sahihi, kwani ukizidi maji hula udongo, na ukipungua maji husimama. Na mwenye kugawa maji alikuwa mtu wa kuaminiwa, maana akimwongezea mmoja amempunguzia mwingine.

Tena, ukienda kwenye miinuko inayotazama magharibi unaliona bwawa la Nyumba ya Mungu kule bondeni, lililojengwa katika Mto Pangani miaka ya 1960. Kituo chake cha umeme kina uwezo wa megawati 8. Tulipokuwa watoto tuliuliza umeme unatokaje kwenye maji, na hakuna aliyetujibu tukaridhika. Swali hilo ndilo lililotupeleka chuoni.

NJIA YA KUWA MHANDISI

Tueleze njia yenyewe, kwa faida ya wanaokusudia kuifuata. Baada ya kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Hisabati, au baada ya stashahada ya ufundi, mwanafunzi husoma shahada ya uhandisi kwa miaka minne. Katika miaka hiyo hupelekwa viwandani na kwenye miradi wakati wa likizo kujifunza kwa vitendo. Lakini shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili mbele ya sheria. Ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997. Bodi humsajili kwanza aliyemaliza chuo kama mhandisi mhitimu, kisha mtu huyo anatakiwa apate uzoefu wa kazi chini ya wahandisi waliomtangulia kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Kwa ajili hiyo, mwaka 2003 Bodi ilianzisha mpango wa uanagenzi wa miaka mitatu kwa wahitimu, ambao watu wa fani yetu huuita SEAP.

Katika mpango huo mhitimu huwekwa kwenye kampuni, hupewa mhandisi wa kumwongoza, na huandika katika daftari maalumu kila kazi anayoifanya. Mwongozaji hulisoma daftari na kutia saini. Ndugu zetu, mkiangalia vizuri mtaona kwamba huu ni utaratibu wa madrasa. Mwanafunzi hasomi Qur'ani kwa macho peke yake. Huketi mbele ya mwalimu, akasoma, mwalimu akasikiliza, na herufi ikitoka mahali pasipo pake husimamishwa akarudia. Hakuna anayejipasisha mwenyewe.

MAISHA YA KIWANDANI

Sisi tulipangiwa kampuni kubwa moja yenye kiwanda, ambayo hatutaitaja jina. Siku ya kwanza tulipewa ovaroli, buti na kofia ngumu, tukajiona tayari ni wahandisi. Wiki ya kwanza yote tulifagia karakana na kupanga spana kwa namba zake. Wiki ya pili tuliosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mafundi waliotufundisha wengi wao hawana shahada, lakini fundi mmoja aliweza kuweka ncha ya bisibisi juu ya mota, mpini akauweka sikioni, akakwambia kasoro iko upande gani. Tulijifunza mapema kuwaamkia na kuuliza. Mwenzetu mmoja aliyejivunia cheti chake hakuambiwa kitu kwa mwezi mzima.

Kuhusu ibada, alhamdulillah, kuna sehemu ndogo nyuma ya stoo ambapo watu husali. Swala ya Ijumaa tulikwenda kwa kupokezana pale shifti iliporuhusu. Mwezi wa Ramadhani kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ya joto, lakini wenzetu Wakristo walitushikia zamu dakika za kufuturu bila kuombwa, nasi tukawashikia zamu siku ya Krismasi. Posho ni ndogo, na chumba tulipanga pamoja, tukapika kwa zamu.

Kazi yetu kubwa katika mwaka wa pili ilikuwa kwenye nyumba ya pampu. Humo mna pampu mbili kubwa zinazosukuma maji ya kupoza mitambo ya kiwanda. Shafti ya pampu huzunguka juu ya beringi, na beringi hupata joto kwa msuguano. Ili isiungue hutiwa grisi, na pia kuna bomba dogo la maji linalopita katika nyumba ya beringi kuipoza. Mota zina kengele ya tahadhari, lakini beringi za pampu hupimwa na mtu kwa mkono. Kila saa moja anayekuwa zamu huchukua kipimajoto, huenda, hupima, na huandika katika daftari la shifti. Nyuzi 60 na kitu ni kawaida. Ikifika 80 unatoa taarifa. Ikifika 90 unazima.

Ni kazi rahisi. Mtoto wa darasa la tano anaiweza. Na kwa sababu ni rahisi, tuliidharau.

USIKU WENYEWE

Siku hiyo tuliingia shifti ya usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi yake tulitakiwa kumkabidhi mwongozaji taarifa yetu ya kazi ya miezi mitatu, nasi tulikuwa hatujaimaliza. Saa tano tulikwenda kupima, beringi ya pampu ya kwanza ikasoma 61. Saa sita ikasoma 62. Tukarudi kwenye chumba cha zamu, tukafunga mlango kuzuia kelele, tukaendelea kuandika taarifa.

Saa saba ilipofika tuliambizana kwamba beringi haijabadilika tangu wiki iliyopita. Mmoja wetu akaandika 62. Baadaye kidogo, ili tusisumbuliwe tena, akaandika na za mbele: saa nane 62, saa tisa 61, saa kumi 62. Ile 61 aliiweka ili namba zisifanane zote. Hatutasema ni nani kati yetu aliyeshika kalamu, kwa sababu aliyeandika na aliyetazama wote walikubali. Taarifa yenyewe tuliyokuwa tukiiandika ilieleza kwa maneno mazuri namna tulivyojifunza kufuatilia hali ya mitambo.

Ilipokaribia saa kumi na moja tulisikia sauti ya chuma kukwaruza chuma, na harufu ya grisi iliyoungua. Tulipofika, pampu ya kwanza ilikuwa inatoa moshi. Tukaizima, na msimamizi wa shifti akawasha pampu ya pili. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Tulisali Alfajiri pale nyuma ya stoo, lakini kwa kweli hatukumbuki tulisoma sura gani.

KARATASI IMESHASEMA

Asubuhi kiliitwa kikao kidogo karakanani. Aliitwa pia kibarua aliyekuwa na kazi ya kutia grisi jioni iliyotangulia. Huyu ni mtu mzima, ana mke na watoto, sisi tukimwita kaka. Ndiye aliyetukaribisha chai na mihogo wiki ile ya kwanza tuliyokuwa tukifagia, na swala nyingi tulisimama naye safu moja.

"Grisi ulitia au hukutia?" msimamizi alimwuliza.

"Nilitia, bosi. Saa tatu usiku, kabla sijatoka."

Msimamizi akafungua daftari. "Hapa beringi ni 62 mpaka saa kumi. Inatokaje 62 hadi kuungua ndani ya saa moja? Hii ilikuwa kavu."

Kaka yule alitazama daftari kwa muda. Alituangalia na sisi, si kwa kutushuku, bali kama mtu anayetafuta wa kumsaidia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilitia. Lakini kama karatasi imeshasema, nitasema nini?" Akaambiwa akabidhi vifaa na asubiri nje. Kibarua hana barua ya kazi, kwa hiyo kumwondoa ni neno moja tu.

Ndugu wasomaji, tulipotoka nje miguu yetu haikuwa na nguvu. Mmoja wetu alisema tunyamaze, kwani tukisema tutafukuzwa, na miaka yote ya kusoma, na mashamba ya kahawa ambayo wazazi walitegemea ili tulipiwe ada, vyote vitakuwa bure. Mwingine hakujibu. Tulikaa juu ya mapipa tukitazamana.

Katika Juzuu Amma mna sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja katika vipimo. Sote tuliihifadhi hapa madrasani tukiwa wadogo, tukiisoma kwa sauti hadi barabarani wanasikia. Wakati ule tulidhani inamhusu mwenye duka anayebonyeza mizani ya sukari kwa kidole. Hatukuwahi kufikiri kwamba kipimajoto nacho ni mizani, na kwamba anayeandika namba asiyoipima amempunja mtu, ingawa hamjui ni nani. Asubuhi ile tulimjua. Alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na geti, viatu vyake vya kazi amevifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Hatukuzungumza zaidi. Tuliinuka tukaenda kwa fundi mkuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Semeni."

"Mzee, zile namba za usiku kuanzia saa saba hatukuzipima. Tuliziandika tumekaa."

"Zote nne?"

"Zote nne, mzee."

Tulitegemea atapiga kelele. Yeye alisimama upesi. "Ina maana hatujui ilianza kupanda saa ngapi. Chukueni kipimajoto, mkapime pampu ya pili sasa hivi. Mengine baadaye."

Tulikimbia. Pampu ya pili, iliyokuwa imefanya kazi saa chache tu, ilisoma 81. Tulipopima tena baada ya dakika kidogo ilisoma 84. Mzee akaamuru isimamishwe, na mitambo yote ikasimama. Wakafungua lile bomba dogo la kupoza, linalolisha pampu zote mbili kutoka shina moja, wakalikuta limeziba kwa tope. Grisi ilikuwapo. Kaka yule alikuwa amesema kweli. Joto lilikuwa limepanda kidogo kidogo usiku kucha, na lau tungelipima saa saba au saa nane tungeliona. Na lau tungenyamaza, kibarua angefukuzwa, pampu ya pili nayo ingeungua, na watu wangeendelea kutafuta grisi huku ugonjwa uko kwenye maji.

Hapo ndipo tulipofahamu kazi ya namba katika uhandisi. Sisi tulidhani tumedanganya kuhusu saa nne za usiku, kumbe tulikuwa tumewapotosha wote waliotafuta chanzo cha kasoro asubuhi yake. Kosa la mtambo hurekebishwa kama kumbukumbu ni za kweli. Kumbukumbu zikiwa za uongo hata fundi hodari atafungua mahali pasipo kosa.

Tulipewa barua ya onyo. Mwongozaji wetu alikataa kutia saini ile miezi mitatu, akasema kipindi hicho tukianze upya, na ile taarifa nzuri akaturudishia bila alama yoyote. Kwa hiyo wenzetu tulioanza nao watatutangulia. Kaka yule alirudi kazini siku ile ile. Tulimfuata tukamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mngekaa kimya, leo ningewaambia nini watoto?" Hatukuwa na jibu. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, twendeni tukanywe chai."

NASAHA KWA WADOGO ZETU

Kwanza, msione elimu ya dini na elimu ya ufundi kuwa njia mbili zinazoachana. Katika historia ya Waislamu yumo Ismail al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, mji ambao leo uko Uturuki. Mwaka 1206 alikamilisha kitabu chake juu ya vyombo vya kimakanika vipatavyo 50, vikiwemo saa za maji na pampu ya silinda mbili ya kupandisha maji. Alieleza namna ya kutengeneza kila kimoja, hatua kwa hatua, ili mwingine aweze kukijenga. Mtu kama huyo hakuweza kuandika kipimo cha kubahatisha, kwa kuwa asingedanganya karatasi tu, angemdanganya fundi atakayekuja baada yake.

Pili, someni Hisabati na Fizikia bila woga, wavulana kwa wasichana. Kiwandani tunao dada wahandisi, na mmoja wao ndiye aliyetufundisha kulinganisha shafti ya mota na ya pampu. Nchi yetu ina kazi kubwa za kuendesha na kutunza. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Katika kila mtambo wa namna hiyo zimo beringi, na beringi haziachi kupata moto kwa sababu mtambo ni mkubwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, jizoezeni kweli katika vitu vidogo mkiwa hapa hapa madrasani. Mwalimu akikuuliza umedurusu mara ngapi, na umedurusu mara mbili, sema mbili. Siku ile hatukupewa mtihani mpya. Tulipewa ule ule wa utotoni, ila safari hii ulikuwa na mshahara wa mtu ndani yake.

Wazazi na walezi nao tunawaomba jambo moja. Mtoto akija na kosa lake mwenyewe mkononi, msimpokee kwa fimbo tu. Mpokeeni kama mzee yule alivyotupokea, kwanza likomesheni dhara, kisha adhabu ifuate kwa kipimo chake.

Idd iliyopita tulipanda gari kutoka Mwanga, tukapita Kikweni, tukafika nyumbani Usangi. Tulikwenda kumwamkia maalim wetu, na tukamsimulia habari hii yote kama tulivyoisimulia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, tasbihi iko mkononi. Tulitarajia atatulaumu au atatusifu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tu, "Na yule bwana, bado yuko kazini?"

Tukamjibu, "Yupo, maalim."

"Alhamdulillah," akasema, kisha akawaita wanafunzi waje wasome.

Sasa tumebakiza miezi michache tumalize uanagenzi wetu, insha Allah. Shifti za usiku tunaingia bado. Kila saa tunatoka, tunakwenda wote wawili, mmoja anapima na mwingine anasoma naye kabla ya kuandika. Namba nyingi ni 61 na 62, kama zile tulizozitunga. Tofauti ni kwamba hizi tumezipima.